Leseni ya juzi, pikipiki uani: namna ya kukata bima itakayolipa siku ya ajali

Bima hukatiwa pikipiki, lakini siku ya ajali swali la kwanza ni nani alikuwa ameishika, na mfukoni ana leseni gani. Hapo ndipo anayejifunza na mwenye leseni ya juzi huumia. Amelipa, ujumbe wa stika anao kwenye simu, trafiki akimsimamisha anapita. Siku akimgonga mtu ndipo inaonekana kwamba bima iliyokatwa haikutani popote kwenye karatasi na yule aliyekuwa anaendesha.

Yaliyoandikwa hapa ni ya Tanzania Bara, ambako bima ya chombo cha moto ni lazima kwa Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, na msimamizi wa soko zima ni Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Pikipiki haina msamaha: iwe ya bodaboda, ya kwendea shambani au ya kujifunzia siku za Jumapili, ikigusa barabara ya umma inatakiwa iwe na bima hai.

Anza na leseni

Kabla hujamuuliza wakala bei, toa leseni yako uisome madaraja. Kwa pikipiki daraja si moja. A3 ni ya vipikipiki visivyozidi cc 50. A1 ni ya pikipiki isiyo na kigari cha pembeni, ya chini ya cc 125. A ndiyo ya pikipiki kubwa kuliko hapo, na A2 ni ya magurudumu matatu au manne, yaani bajaji na jamaa zake. Leseni ya daraja D, ya gari dogo, haikupi ruhusa ya kupanda pikipiki hata kama umeendesha gari miaka kumi.

Sasa chukua kadi ya pikipiki utafute ukubwa wa injini. Usisome ubavuni mwa tangi, soma kwenye kadi. Boxer iliyoandikwa 150 ina injini ya takribani cc 145, TVS HLX 125 ina takribani cc 124.5. Kwa hiyo mwenye A1 akipanda HLX 125 yuko sawa, akipanda Boxer 150 amevuka daraja lake. Barabarani tofauti hiyo haionekani, mlio ni uleule na gia ni zilezile. Mkaguzi wa madai lakini atailaza kadi kando ya leseni na ataiona kwa dakika moja.

Mwenye leseni ya kujifunzia ana kazi ya ziada. Leseni hiyo ni ya muda mfupi, ina tarehe ya mwisho, na inakuruhusu kujifunza tu chini ya usimamizi, bango la L likiwa limefungwa. Haikuruhusu kubeba abiria wa malipo hata wa mtaa wa pili. Bima nyingi zina kipengele cha dereva kinachosema anayeendesha awe na leseni halali ya chombo hicho. Je, leseni ya kujifunzia inahesabiwa kuwa leseni halali kwa kampuni unayoiendea? Hilo ndilo swali la kuuliza kabla ya bei, na jibu lake lije kwa maandishi. Ujumbe wa WhatsApp kutoka namba ya ofisi unatosha kuanzia. Barua pepe au nyongeza ya mkataba ni bora zaidi. Jibu la mdomo la "haina shida, wewe lipia tu" halina uzito siku ya madai, kwa sababu aliyelitoa atakuwa hapokei simu, au atapokea na hatakumbuka.

Bima ndogo na bima kubwa

Mtaani zinaitwa hivyo na mawakala wote wanaelewa. Bima ndogo ni ya mtu wa tatu: inalipa madhara unayowafanyia wengine, mwilini au kwenye mali zao. Bima kubwa inaongeza pikipiki yako mwenyewe: kuharibika kwa ajali, kuungua, kuibwa. Baadhi ya kampuni zina ya katikati, bima ndogo iliyoongezewa moto na wizi, na kwa anayelaza pikipiki nje ya nyumba ya kupanga hiyo inastahili kuulizwa bei.

Chukua mfano wa kawaida kabisa. Unajifunza kukata kona, unaachia klachi haraka, pikipiki inaruka mbele na kuingia kwenye meza ya mama anayeuza maembe. Meza imevunjika, mama ameumia mguu. Pikipiki yako imekunja ngao na kioo kimoja kimepasuka, na wewe umeteguka kifundo cha mkono. Kwa bima ndogo, meza, maembe na matibabu ya mama ni ya kampuni. Ngao na kioo ni vyako. Mkono ni wako vilevile.

Watu husahau hilo la mwisho kuliko yote. Bima ndogo haimtibu dereva, na hata bima kubwa ya pikipiki mara nyingi haimtibu, au ina kiasi kidogo tu. Anayemlipa dereva ni bima ya ajali binafsi, ambayo hununuliwa kama nyongeza au peke yake, na hutaja kiasi cha kifo, cha ulemavu wa kudumu na cha matibabu. Anayejifunza huanguka zaidi ya anavyogonga. Kama fedha ni kidogo na lazima uchague, bima ndogo pamoja na ajali binafsi inamfaa mwanafunzi mwenye pikipiki iliyochoka kuliko bima kubwa pekee. Kwa pikipiki mpya, na hasa ya mkopo, hesabu inageuka: bima kubwa ndiyo inayokuokoa usiendelee kulipa deni la chuma ambacho hakipo tena.

Matumizi: hapa usidanganye

Kwenye fomu kuna mahali panauliza pikipiki inatumika kwa nini: binafsi, kubeba abiria kwa malipo, au kubeba mizigo na vifurushi. Bei inapanda ukisema abiria, na kishawishi cha kuandika "binafsi" kinaanzia hapo. Wengine hata hawadanganyi wao. Wakala ndiye anayejaza, anaona kijana mwenye pikipiki moja, anaweka alama ya binafsi ili kazi iishe.

Ukigonga ukiwa na abiria anayelipa huku karatasi inasema binafsi, umeipa kampuni sababu ya kulikataa dai lako. Majeruhi wa nje inaweza ikamlipa kisha ikakugeukia wewe urudishe, maana mikataba mingi ina kipengele cha kurejesha fedha kutoka kwa mteja aliyevunja masharti. Abiria naye yuko pabaya zaidi, kwa kuwa bima ya matumizi binafsi inaweza isimguse kabisa. Hata kama unambeba mdogo wako tu bila malipo, uliza: "Aliyekaa nyuma amelindwa?" Usichukulie kwamba jibu ni ndiyo.

Kusafirisha chakula na vifurushi kwa oda za simu ni biashara. Kupeleka mkaa wako mwenyewe nyumbani si biashara. Na kama mpango wako ni kujifunza kwa miezi miwili halafu uingie kijiweni, kata ya binafsi sasa ukitaka, lakini siku unayompakia abiria wa kwanza wa malipo bima iwe imeshabadilishwa na leseni ya usafirishaji ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, iwe imeshapatikana. Kubadilisha matumizi katikati ya mwaka kunawezekana: unalipa tofauti ya ada kwa miezi iliyobaki na unapewa nyongeza ya mkataba.

Mshikaki nao ni suala la bima. Pikipiki imekatiwa dereva na abiria mmoja. Wakiwa watatu, wa tatu hana karatasi.

Nyaraka, na kuisoma pikipiki yenyewe

Utahitaji kadi ya pikipiki, kitambulisho cha NIDA au namba yake, namba ya mlipakodi, leseni, na namba ya simu iliyo hewani kwa jina lako. Kwa bima kubwa ongeza risiti ya kununulia au tathmini ya thamani, na picha za pikipiki pande zote nne zikionyesha kibao cha namba. Kampuni nyingine watataka kuiona kwa macho.

Kabla hujaondoka nyumbani, chukua kitambaa na maji ufute shingo ya usukani, pale bomba la fremu linaposhika uma wa mbele. Kwa pikipiki nyingi namba ya chesisi imegongwa hapo, kwa kawaida upande wa kulia. Ina tarakimu na herufi 17. Za Bajaj kutoka India huanza na MD2, za TVS huanza na MD6, za China huanza na L. Herufi I, O na Q hazitumiki kwenye namba hizi, kwa hiyo ukiona duara, hiyo ni sifuri, na ukiona kijiti kimoja, hiyo ni moja. Ukijua hivyo tu umeepuka kosa linalojirudia kuliko yote wakati wa kunakili. Namba ya injini iko chini, kwenye bakuli la injini. Zote mbili zilinganishe na kadi, herufi kwa herufi, mtu mmoja akisoma na mwingine akifuata kwa kidole.

Zisipolingana, simama hapo. Huenda injini ilibadilishwa na aliyekuuzia hakuripoti, huenda kuna jambo baya zaidi. Bima iliyokatwa kwa namba ya kadi ambayo haipo kwenye chuma itakuja kuleta ubishi, na ubishi huo utakukuta ukiwa na pikipiki iliyopondeka. Maliza kwanza na TRA, mamlaka ya mapato, na polisi, kisha rudi kwa wakala.

Jina nalo. Kama umenunua mtumba na kadi bado ina jina la mwenye zamani, bima yake haikufuati wewe kwa sababu tu amekupa funguo. Hamisha umiliki TRA, kisha kata bima kwa jina lako, au mtaarifu mwenye bima na kampuni yake kwa maandishi wakubali kuihamishia kwako. Mkataba wa kuuziana uliosainiwa mbele ya wakili unasaidia katika kipindi cha kusubiri kadi mpya, ila hauchukui nafasi ya kadi.

Wapi unakata

Kwa kampuni moja kwa moja, kwa wakala, kwa dalali wa bima, au benki. Wakala anauza kwa niaba ya kampuni. Dalali anatakiwa akutafutie wewe kati ya kampuni kadhaa. Wote wanapaswa wawe wamesajiliwa na TIRA, na kumwomba mtu akuonyeshe usajili wake si utovu wa adabu. Wa chini ya mwavuli nje ya ofisi za kodi wanaweza kuwa halali kabisa. Kinachoamua ni usajili wake na fedha zinaingia wapi.

Fedha ziingie kwenye akaunti ya kampuni, lipa namba yake, au namba ya malipo iliyotolewa na mfumo. Zisiingie kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, hata kama mtu huyo ni rafiki wa shemeji. Na usitegemee mkopo wa maneno: bima haianzi mpaka ada iwe imelipwa. Wakala anayekuambia "endesha tu, utanilipa Ijumaa" amekuacha barabarani bila bima hadi Ijumaa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Juu ya ada kuna VAT; tuseme ni ya asilimia 18. Ukitajiwa ada ya 50,000, VAT ni 9,000, unalipa 59,000. Uliza kila mara kama bei uliyotajiwa ina VAT ndani au bado, maana ndipo bei mbili zinazofanana kwenye simu zinapotofautiana dirishani. Kwa bima kubwa ada ni asilimia ya thamani. Tuseme umetajiwa asilimia 5 kwa pikipiki ya 2,800,000: ada 140,000, VAT 25,200, jumla 165,200.

Thamani usiipunguze ili ada ishuke. Mikataba mingine ina kipengele cha uwiano. Pikipiki ya 3,000,000 ukiiandika 2,000,000, umeikatia theluthi mbili. Ikipata hasara ya 600,000 unahesabiwa 400,000, na hapo bado eksesi, sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe, haijatolewa. Kuipandisha pia hakukusaidii, kwa sababu ikiibwa kampuni hulipa thamani ya soko ya siku ile.

Eksesi ndicho kiasi unachobeba mwenyewe katika kila dai, na kwa dereva mpya ndiyo sehemu ya mkataba ya kusomwa mara mbili. Kuna eksesi ya kawaida, na juu yake kampuni nyingi huweka nyingine kwa dereva mwenye umri mdogo au mwenye leseni isiyotimiza mwaka, wakati mwingine miaka miwili. Zinajumlishwa. Chukua mfano wa matengenezo ya 350,000 na mkataba unaosema eksesi ni asilimia 10 ya dai, isipungue 100,000. Asilimia 10 ni 35,000, iko chini ya kima, basi unabeba 100,000. Kama kuna nyingine ya 100,000 ya dereva mgeni, kampuni itatoa 150,000 tu. Ukiyajua haya mapema utaelewa kwa nini bima kubwa ya bei chee, yenye eksesi nene, kwa ajali ndogo ndogo za mwanafunzi ni karibu sawa na kutokuwa nayo.

Fomu ya maombi jaza mwenyewe au simama karibu inapojazwa. Swali la "umekuwa na leseni kwa muda gani" lijibiwe kwa tarehe iliyo kwenye leseni. Swali la "nani mwingine ataendesha" lijibiwe kwa majina. Ukitia saini, majibu yote ni yako, pamoja na yale ambayo wakala aliyabuni ili akuwahi usibadili mawazo.

Hakiki kabla ya kuwasha

Siku hizi stika ni ya kielektroniki. Ukishalipa unapata ujumbe wenye namba ya stika, na kava noti, hati fupi ya kuthibitisha bima, huja kwa barua pepe, WhatsApp au karatasi. Usiishie hapo. Fungua tovuti ya TIRA MIS, tiramis.tira.go.tz, uweke namba ya usajili wa pikipiki au namba ya stika. Isome taarifa yote na si rangi ya kijani tu: namba ya usajili, chesisi, jina la kampuni, aina ya bima, tarehe ya kuanza na ya kwisha.

Kuna makosa matatu yanayopatikana hapa kwa wingi. Tarehe ya kuanza imeandikwa kesho au keshokutwa wakati wewe unataka kuondoka sasa. Aina imeandikwa bima ndogo wakati umelipia kubwa. Au herufi moja ya kibao imekosewa, MC 123 ABC ikawa MC 123 ABD, na bima yako inamlinda mtu usiyemjua. Ukiona kosa, lisahihishwe siku hiyohiyo. Pikipiki ibaki imeegeshwa. Chombo kikiwa hakionekani kabisa kwenye mfumo, hata kama karatasi ina mhuri unaong'aa, huna bima.

Piga picha ya skrini, tuma kava noti kwa mtu mmoja wa nyumbani, na weka kikumbusho kwenye simu wiki mbili kabla ya tarehe ya mwisho. Omba pia mkataba wenyewe, kile kijitabu cha masharti. Kava noti ni muhtasari tu, masharti ya dereva yako kwenye mkataba.

Pikipiki isiyo yako

Wengi wanaoanza hawana pikipiki. Wako kwenye chuo cha udereva, au wana bosi, au wamechukua ya mkataba.

Ya chuo: uliza kama bima yake inataja matumizi ya mafunzo. Bima ya binafsi kwenye pikipiki inayofundishia watu kwa ada ni tatizo lilelile la matumizi, limevaa sare tu. Namba ya usajili unaiona, tovuti ya TIRA MIS iko wazi kwa kila mtu, unaweza kuangalia kama ina bima hai kabla hujapanda.

Ya bosi, ile ya kupeleka hesabu: bima iko kwa jina lake na hilo ni sawa, ila mkataba uruhusu dereva mwingine. Kuna mikataba ya dereva yeyote mwenye leseni halali na kuna ya madereva waliotajwa majina. Kama ni ya majina, jina lako liingizwe kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Kanuni hiyohiyo inamhusu deiwaka utakayemwachia pikipiki mchana mmoja ukienda msibani. Leseni yake usiiulize tu, ione.

Ya mkataba au ya mkopo: mkopeshaji karibu kila mara atataka bima kubwa, na jina lake liandikwe kama mwenye maslahi. Maana yake pikipiki ikiibwa, fidia inapita kwake kwanza kufuta deni, kinachobaki ndicho chako. Uliza nani analipia bima ya mwaka wa pili. Vijana hukatiwa mwaka wa kwanza ndani ya bei, mwaka unaisha, kila upande unadhani mwingine amelipa. Na funguo zote mbili tunza: dai la wizi likifika, kampuni mara nyingi hutaka zote mbili, na aliyepoteza moja huulizwa maswali marefu.

Ikitokea

Zima injini. Mhudumie majeruhi kwanza, ita polisi. Majeruhi anahitaji PF3, fomu ya polisi, kwa ajili ya matibabu. Pikipiki isisogezwe mpaka imepigwa picha ilipo, isipokuwa inahatarisha wengine. Piga picha ya barabara kwa mbali na kwa karibu, alama za breki, kibao cha namba cha kila chombo, leseni na stika ya mwenzako. Andika majina na simu za mashahidi wawili kabla umati haujatawanyika.

Usikubali kosa na usilipe chochote kama "malipo ya kumaliza". Kuyamaliza kando ya barabara ni desturi, na kwa mkwaruzo mdogo watu wanaelewana. Lakini mikataba mingi inamkataza mteja kuahidi au kulipa bila kampuni kujua, na aliyeumia leo kidogo anaweza kurudi baada ya mwezi na picha ya eksirei. Pole sema, hiyo haikataliwi na mtu.

Kampuni ijulishwe siku hiyohiyo, kwa simu kisha kwa maandishi. Mkataba wako una idadi ya saa au siku, na wanaochelewa huchelewa kwa sababu walikuwa wanasubiri ripoti ya polisi. Usisubiri. Taarifa huenda kwanza, nyaraka hufuata: fomu ya madai, nakala ya leseni, kadi, kava noti, ripoti za polisi zenye namba kama PF 90, PF 93 na PF 115, ramani ya tukio, na makadirio ya fundi. Usianze kuitengeneza kabla mkaguzi wa kampuni hajaiona. Spea zilizotolewa zisitupwe.

Pombe ukinywa, dai la pikipiki yako umelifuta mwenyewe. Hapo hakuna ujanja wa kuandika.

Dai likikataliwa, omba sababu kwa barua na kipengele cha mkataba kilichotumika. Lalamika kwanza ndani ya kampuni, kwa maandishi. Usiporidhika, nenda TIRA, au kwenye ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO, ambayo haimtozi mlalamikaji ada. Ule ujumbe wa WhatsApp uliouomba mwanzoni, kuhusu leseni ya kujifunzia, ndio utakaouweka juu ya faili.

Ukipata leseni kamili

Siku daraja jipya linapoingia kwenye leseni, tuma nakala kwa kampuni uombe wathibitishe kwa maandishi kwamba wameiingiza. Usisubiri kuhuisha. Uliza hapohapo kama eksesi ya dereva mgeni inahesabiwa tangu tarehe ya leseni ya kujifunzia au ya leseni kamili, kwa sababu kampuni hutofautiana. Mwaka ukiisha bila dai kwenye bima kubwa, omba punguzo la kutodai, lisipoombwa husahaulika. Ukihamia kampuni nyingine, chukua barua inayoonyesha miaka yako bila dai kabla hujaondoka, kwa kuwa ukishaacha kuwa mteja wao barua hiyo itakuzungusha.